Ushauri kwa wanaoanza kuandika takwimu za papa katika mialo ya Mtwara

Kijana anayepangiwa kwa mara ya kwanza kuandika takwimu za papa, iwe Feri mjini Mtwara, Mikindani, Msanga Mkuu au Msimbati, mara nyingi hufika akiwa na papa mmoja tu kichwani mwake, naye ni papa mweupe mkubwa. Nawaandikia ninyi mnaoanza kwa sababu hofu ya samaki huyo mmoja huharibu kumbukumbu nyingi: huandikwa mahali ambapo hakuwapo, na papa aliyekuwapo kweli hupotea daftarini.

Jueni kwanza makao yake. Papa mweupe hupatikana zaidi katika bahari zenye maji ya baridi au ya wastani, kama zile za Afrika Kusini, kusini mwa Australia na California, ambako wakubwa wao huwinda sili, wanyama wa baharini wenye mafuta mengi mwilini. Pwani yetu ina maji ya joto mwaka mzima na haina makundi ya sili, kwa hiyo hana sababu ya kuweka makao hapa. Hata hivyo, msimwambie mvuvi kwamba jambo hilo haliwezekani. Papa jike aliyefungwa kifaa cha kufuatilia safari zake huko Afrika Kusini mwaka 2003 alivuka Bahari ya Hindi hadi Australia, kisha akarudi, safari ya zaidi ya kilomita 20,000 iliyomchukua takriban miezi tisa. Papa weupe wamewahi kurekodiwa hata katika maji ya Kenya. Kwetu sisi ni samaki wa nadra, na samaki wa nadra huandikwa kwa ushahidi.

Ushahidi huo uko kwenye meno na mkia, wala hauko kwenye ukubwa wala rangi ya mgongo. Meno ya juu ya papa mweupe aliyekomaa ni mapana, ya pembetatu iliyonyooka, na ukingo wa kila jino una misumeno midogo, yaani vijino kama vya msumeno, pande zote mbili. Papa mako, ambaye wengi humchanganya naye, ana meno marefu, membamba, yaliyopinda na yenye kingo laini. Papa chui ana jino lililoinamia upande mmoja, lenye pengo ubavuni, na pua yake ni butu. Mistari yake hufifia kadiri anavyokua, kwa hiyo kukosa mistari si hoja. Papa ng'ombe ni mnene, ana macho madogo na pua fupi, na meno yake ya juu ni mapana yenye misumeno, jambo linalowapotosha wengi. Hapo ndipo mkia unapoamua: wa papa mweupe una ncha ya juu na ya chini zinazokaribiana urefu, na shina lake lina ukingo mgumu uliotokeza kila ubavu, ilhali wa papa ng'ombe na papa chui una ncha ya juu ndefu zaidi na hauna ukingo imara wa namna hiyo. Angalizo moja: papa mweupe mchanga ana meno membamba kuliko ya wazazi wake, kwani katika umri huo hula samaki zaidi, hivyo msimpitishe haraka kuwa ni mako.

Fikeni chombo kinapotia nanga. Mapezi na kichwa vina wanunuzi wao, na mkichelewa mtakuta minofu tayari iko kwenye chumvi. Kupima, msipitishe utepe juu ya tumbo, maana mviringo wa mwili huongeza urefu usiokuwapo. Chomekeni kijiti mchangani kwenye ncha ya pua na kingine kwenye ncha ya mkia, samaki aondolewe, kisha mpime kati ya vijiti hivyo viwili. Pigeni picha ya meno kabla taya halijauzwa.

Sehemu ngumu zaidi ya kazi hii ni mazungumzo. Mzee aliyetega jarife, wavu wa kunasia papa, tangu ujana wake anajua mambo ambayo hayamo katika vitabu vyenu, lakini ukimwuliza, "Mzee wangu, mliwahi kumwona papa mweupe?" utakuwa umeshampa jibu mkononi. Msalimieni, mwacheni amalize kugawa samaki, kisha mwulizeni mkia ulikuwaje, pua ilikuwaje, maji yalikuwa na kina gani, ilikuwa kaskazi au kusi. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, na jina la aina ya papa liwe kwenye safu yake peke yake, pamoja na sababu iliyowafanya mlichague. Kama sababu haipo, andikeni "papa, aina haikutambuliwa." Naiheshimu sana safu hiyo, na napenda ninyi pia muiheshimu.

Kuhusu papa na watu, aina tatu ndizo zinazotajwa zaidi duniani katika matukio ya kung'ata: papa mweupe, papa chui na papa ng'ombe. Kwa mwaka, matukio yasiyochokozwa yanayothibitishwa duniani kote kwa kawaida hayafiki 100, na wanaokufa ni wachache. Papa mweupe mara nyingi hung'ata mara moja na kuachia, na majeruhi anayekufa mara nyingi huangamizwa na damu anayopoteza. Kwa pwani yetu, papa ng'ombe anastahili umakini zaidi, kwa sababu hupenda maji ya tope na huingia mitoni, hivyo maingilio ya Ruvuma yanamfaa. Lakini hatari ninayowaonya kwayo kila siku iko ndani ya chombo: papa aliyevutwa akiwa hai, anayegeuka ghafla katikati ya miguu ya mabaharia. Msipande kupima mpaka nahodha aseme ametulia, na hata akionekana amekufa, msiingize mkono kinywani. Tumieni kijiti kufungua taya.

Akiletwa mtu aliyeng'atwa, daftari liwekwe chini kwanza. Mlazeni, bonyezeni jeraha kwa nguvu kwa kanga safi bila kuachia kuchungulia, na kama damu ya mguu au mkono haikomi, fungeni kwa kitambaa kipana kati ya jeraha na kiwiliwili, mkaze kabisa, andikeni saa mliyofunga, kisha mkimbizeni hospitali. Maswali yaanze akishapata nafuu, na la kwanza liwe alikuwa akifanya nini majini: alikuwa anaogelea, anapiga mbizi na samaki kiunoni, au anamchomoa papa wavuni. Matukio hayo matatu yasiwekwe katika safu moja.