Fundi Anajibu: Besi Ikipiga, Ampu Inazima

Barua nyingi za safari hii zinauliza ampu gani ya muziki wa gari inunuliwe. Hizo tumeziweka kando kwanza, tukachagua za wale ambao mashine iko tayari garini na inawasumbua. Karibu wote wanafikiria kubadilisha ampu. Tukisoma maelezo yao, ampu haina kosa.

Mafundi, habari za kazi? Nina Probox yenye ampu ya monobloki (ya chaneli moja) ya wati 500 RMS (za kudumu) na sabufa moja kwenye buti. Nikiongeza sauti, taa za mbele zinafifia kila besi inapopiga, kisha ampu inawasha taa nyekundu na kuzima. Nilishauriwa nifunge kapasita. Nyaya ni za seti ya kufungia ampu, geji 8. — Morogoro

Njema, ndugu yetu. Pesa ya kapasita iweke mfukoni kwanza. Kapasita haizalishi umeme, inahifadhi kidogo tu kwa sehemu ya sekunde, na hicho kidogo kinatoka kwenye waya uleule mwembamba.

Piga hesabu. Ampu ya klasi D hutumia vizuri takribani asilimia 80 ya umeme unaoingia. Ili itoe wati 500 inahitaji kama wati 625, na kwenye volti 13.5 hizo ni ampea 46. Geji 8 ya shaba tupu ina unene wa milimita za mraba 8 na kidogo. Seti nyingi za nyaya za bei nafuu, hata hivyo, ni alumini iliyopakwa shaba, inayopitisha umeme kwa kama theluthi mbili tu ya shaba. Kwa mita 5 kutoka betri hadi buti, waya wa namna hiyo unakula karibu robo tatu ya volti upande wa chanya peke yake. Upande wa bodi ya gari, yaani hasi, nao una yake. Volti zikishuka chini ya kiwango ilichopangiwa, ampu inajikinga kwa kuzima.

Ili kujua waya wako ni wa nini, kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Nje nyekundu na ndani nyeupe ni alumini. Nje nyeupe na ndani nyekundu ni shaba iliyopakwa bati, na hiyo ni nzuri, usiitupe.

Kabla ya kununua chochote, pima. Gari likiwa linanguruma na besi inapiga, weka mita kwenye vichwa vya betri. Ikibaki 13.5 au zaidi, altaneta na betri ni wazima. Ikishuka chini ya 12 huku injini inazunguka, tatizo liko mbele, si kwenye buti. Kisha unganisha mita kati ya chanya ya betri na chanya ya ampu, muziki ukiendelea. Waya wa mita hautafika, kwa hiyo urefushe kwa kipande chochote chembamba. Mita hainywi umeme wa maana, wembamba hauharibu kipimo. Namba unayoiona ndiyo volti zinazopotea njiani. Rudia kati ya hasi ya betri na hasi ya ampu. Upande wa bodi ukizidi 0.2, anza hapo.

Na mara nyingi ni hapo. Fundi amefunga hasi kwenye boliti ya kiti juu ya rangi, au kwenye boliti ya mkanda, ambayo haifai kuguswa kabisa kwa sababu ya usalama. Chagua mahali pa bati nene la bodi, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, funga tamino ya duara kwa boliti na nati, kaza, halafu paka grisi au rangi juu yake ili kutu isiingie. Waya wa hasi uwe na unene uleule wa chanya na usizidi nusu mita.

Kwa mashine yako tungeweka geji 4 ya shaba (milimita za mraba 21). Hiyo, kwa urefu uleule, inapoteza volti 0.2 tu. Fyuzi ya ampea 60 iwekwe kwenye boneti, ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Fyuzi ile inalinda waya, kwani ampu ina fyuzi zake. Waya ukipita kwenye ukuta wa injini bila mpira wa tundu, mtikisiko unakata ganda, chanya inagusa bodi, na betri inatoa mamia ya ampea mpaka ganda lote linawaka. Fyuzi iliyofungwa huko kwenye buti haiwezi kuzuia hilo.

Nina sabufa mbili, kila moja ina koili mbili za omu 4. Ampu ni ya chaneli mbili. Kitabu kinasema omu 2 kwa kila chaneli, na omu 4 ikiwa imebrijiwa (chaneli mbili zikiunganishwa kuwa moja). Nimeziunganisha zote pamoja na ampu inachemka hadi haishikiki. — Mwanza

Koili nne za omu 4 zikiungwa zote sambamba, yaani chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, zinatoa omu 1. Ampu yako ikibrijiwa inataka 4. Unaidai mkondo mara nne ya ilioundiwa, na ikiendelea hivyo itaungua.

Una njia mbili salama. Ya kwanza: kila sabufa unganisha koili zake sambamba, unapata omu 2, na kila sabufa ipate chaneli yake. Ya pili, ambayo sisi tungeichagua kwa kuwa sabufa mbili zinapokea sauti moja: kila sabufa koili sambamba (omu 2), halafu sabufa hizo mbili uzifunge mfululizo. Chanya ya brigi iende chanya ya sabufa ya kwanza, hasi yake iende chanya ya sabufa ya pili, na hasi ya pili irudi kwenye ampu. Jumla omu 4.

Kabla ya kuchomeka kwenye ampu, pima ncha mbili za mwisho kwa mita. Usishtuke ukikuta 3.3 au 3.6 badala ya 4, kwa sababu mita hupima ukinzani wa waya tu na huwa chini kidogo ya namba iliyoandikwa. Ukikuta 1 au chini, rudi nyuma.

Kagua na uelekeo. Gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye kila koili, chanya kwa chanya, sekunde moja tu. Koni isogee nje. Moja ikiingia ndani, koili hizo zinapigana, na besi inapotea hata kama kila kitu kinafanya kazi.

Salaam aleikum. Spika zinatoa mlio mwembamba unaopanda nikikanyaga mafuta. — Mombasa

Waaleikum salaam. Mlio unaofuata injini unatoka kwenye altaneta na kuingia kupitia tofauti ya bodi kati ya redio na ampu. Chomoa nyaya za RCA (zinazoleta sauti kutoka redio) kwenye ampu. Mlio ukibaki, tatizo ni bodi ya ampu au waya wa chanya. Ukiisha, unaingia kupitia RCA. Hapo angalia kama RCA imelala sambamba na waya wa chanya. Ihamishie upande wa pili wa gari. Kisha gusisha kipande cha waya kutoka ganda la nje la RCA hadi bodi ya chuma ya redio. Mlio ukikatika papo hapo, fyuzi ndogo ya bodi ndani ya redio imeungua. Hutokea mtu anapochomeka RCA wakati ampu inawaka. Fundi wa redio anaibadilisha. Filta zinazouzwa za kuondoa mlio ziwe za mwisho kabisa, maana huondoa na sehemu ya muziki.

Matatu yetu ni Isuzu ya volti 24. Fundi amechukua volti 12 za ampu kwenye betri moja. Betri moja inakauka maji, nyingine haina nguvu. — Nairobi

Mpangilio huo ndio unaoua betri. Zote mbili zinachajiwa pamoja kwa volti 28 hivi, lakini moja inanyonywa na ampu. Hiyo haijai kamwe. Mwenzake iliyojaa inaendelea kusukumiwa chaji, na maji yake yanachemka. Ukibadilisha betri moja tu, mchezo unaanza upya.

Weka ridyusa (kifaa cha kushusha volti) ya 24 kwenda 12, na soma ampea zake za kuendelea, si za kilele. Ridyusa ya ampea 20 ni ya redio na taa. Ampu yenye fyuzi za ampea 60 inataka ridyusa ya 60, nayo itavuta kama ampea 30 upande wa 24, kwa hiyo fyuzi ya 40 karibu na betri inatosha. Kama mkondo ni mkubwa kuliko huo, tumia ikwalaiza ya betri, ambayo huacha ampu kwenye betri moja lakini inasawazisha chaji ya zote mbili.

Geini niiweke wapi? Ampu imeandikwa wati 3000. — Dodoma

Hesabu fyuzi zake kwanza. Zikiwa mbili za 30, basi 60 × 13.5 × 0.8 ni wati 650 hivi. Hizo 3000 ni za boksi.

Geini hulinganisha ampu na redio; sauti inaongezwa kwenye redio. Chomoa sabufa, zima besi busti, ikwalaiza ya sauti ya redio iwe bapa, redio iwe robo tatu ya mwisho wake (30 kati ya 40). Cheza toni ya hezi 50, mita iwe kwenye volti za AC, ncha kwenye matundu ya spika. Lengo ni kipeuo cha pili cha wati mara omu. Kwa wati 500 kwenye omu 2 ni volti 31.6. Zungusha geini taratibu hadi hapo, uache. Filta ya chini (LPF, inayopitisha besi tu) iwe hezi 80.

Nikiegesha Ijumaa, Jumapili gari haliwaki. Ni tangu nifunge ampu. — Kigoma

Waya wa rimoti (unaoiambia ampu iwake au izime) umefungwa kwenye wa njano wa redio, ambao una umeme muda wote. Ampu hunywa hata ampea 1 bila muziki, na betri ndogo kama NS40 haivumilii siku mbili za hivyo. Uhamishie kwenye wa bluu wenye mstari mweupe. Wa bluu mtupu ni wa antena, na kwenye redio nyingine huzima ukicheza fleshi. Redio ya kiwandani isiyo na waya huo, chukua ACC (umeme unaowaka kwa ufunguo) kupitia fyuzi ya ampea 1. Ukitoa ufunguo, mita isome 0 kwenye rimoti.