Barua kwa mwanangu aliyekabidhiwa jiko

Mwanangu,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara mbili. Umekabidhiwa zamu ya jioni, watu wanane chini yako, watano wamekuzidi umri, na mmoja wao, yule mzee wa kuchoma, amekwambia wazi kwamba jiko la mkahawa haliendi bila makelele. Unaniuliza: "Baba, nifoke ili wanisikie?"

Usifoke. Sababu yake ni jambo ambalo sijawahi kulisema hapo nyumbani.

Nilipokuwa upande wa michuzi kule hotelini Mombasa, mpishi mkuu wetu alikuwa bingwa wa kazi, ila ulimi wake ulikuwa moto. Ukikosea, unatukanwa mbele ya wote. Usiku mmoja tulikuwa na kundi kubwa la wageni, na kijana aliyesimama pembeni yangu akaacha mchuzi wa nazi ukashika chini. Harufu niliisikia kabla yake. Nikamwona anageuka kutazama mpishi mkuu yuko wapi, kisha akaumimina kwenye sufuria nyingine, akakamulia ndimu na kutia pilipili ili moshi usisikike. Akanitazama. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kukata vitunguu.

Sahani zilirudi karibu zote. Kijana alifukuzwa kesho yake, mimi nikabaki. Macho yake nayakumbuka hadi leo. Angeweza kusema "Shefu, umeungua", tungekuna nazi upya na wageni wangesubiri kidogo tu. Hakuweza. Nami nilikuwa mtu mzima, sikuweza vilevile.

Na afadhali mchuzi ulioungua, mgeni anausikia mdomoni akaurudisha. Wali uliosahauliwa mezani mchana kutwa hauna dalili. Ukishapikwa haufai kukaa nje zaidi ya saa mbili, na kuupasha moto hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia. Mtu anayekuogopa ataupasha, ataupakua, na hutajua.

Huyo anayetaka makelele, msimulie habari za Auguste Escoffier, Mfaransa aliyeongoza jiko la hoteli ya Savoy, London, kuanzia mwaka 1890. Huu mpangilio mnaofanyia kazi, huyu michuzi, yule nyama, yule vitamu, yeye ndiye aliyeuweka sawa; alikuwa amepikia jeshi katika vita vya mwaka 1870, akaiona faida ya kila mtu kujua nafasi yake. Jikoni mwake alikataza matusi na makelele. Hasira ikimpanda, alitoka nje kwanza.

Lakini usinong'one, mwanangu. Oda ikiingia, itamke ifike mwisho wa jiko: "Meza ya saba, changu wawili, biriani moja!" Usubiri kila upande ukujibu. Asiyejibu hajasikia, rudia. Anayepita na sufuria aseme "Nyuma yako, moto!" Hizo ni sauti za kulindana, na wote waziseme, wewe ukiwa wa kwanza. Mtu akikosea, mrekebishe papo hapo kwa maneno matatu. Mengine yangoje zamu iishe, mkae wawili.

Wale wakubwa wako, waamkie kabla hujagusa kisu. Pita kwa kila mmoja: "Shikamoo mzee, leo upande wako umepungukiwa na nini?" Akikwambia mkaa ni mbichi au samaki wamechelewa kuyeyuka, lishughulikie mbele ya macho yake. Kuhusu umri wako sina zaidi ya hilo.

Na mwosha vyombo usimpite. Sahani zikikwama kwake, nyote mmekwama. Ukiona beseni limefurika, kunja mikono ya shati usimame naye dakika kumi.

Wewe pia utakosea, pengine wiki hii hii. Utaita oda mbili badala ya tatu. Siku hiyo sema kwa sauti ileile unayoitia oda: "Hilo ni langu." Kisha utazame nani ataanza kukuletea la kwake.

Nipigie Jumatatu ukitoka zamu, hata ikiwa usiku wa manane. Nataka kujua yule mzee wa kuchoma amekujibu nini.

Baba yako