Bustani ya kikundi kwa kilimo hai, robo eka: hesabuni mboji na maji kabla ya kuhesabu matuta

Mkuu, umeuliza hivi: mko watu 12 hapo Morogoro, mmepata robo eka yenye kisima kimoja, mnataka kulima mboga kwa kilimo hai huku mkijifunza pamoja, na hamjui mwanze na zao gani. Naomba turudi nyuma kidogo, kwa sababu zao si tatizo lenu la kwanza. Tatizo la kwanza ni mboji na maji, na vyote viwili vina hesabu yake.

Robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Mkichora matuta ya mita 1 kwa 10 na njia za nusu mita, yanaingia kama 60. Kwenye udongo uliochoka kila tuta linataka madebe 5 ya mboji iliyoiva kabla ya kupanda, kwa hiyo matuta 60 ni madebe 300. Kiangazi tuta hilo hilo linakunywa kama lita 50 kwa siku, yaani madebe mawili na nusu. Kwa matuta 60 ni madebe 150 kila siku, kwa kuteka. Vikundi vingi hufia hapo, wiki ya tatu au ya nne, na si kwa uvivu. Anzeni na matuta 15. Maji yatakuwa kama madebe 38 kwa siku. Zamu ya watu wanne, kila mmoja anateka 9 au 10, nusu asubuhi na nusu jioni. Hilo linabebeka hadi mwisho wa msimu.

Eneo litakalobaki msiliache wazi. Mvua zikianza sieni marejea (mmea jamii ya kunde unaorutubisha udongo) au kunde, myakate yakianza kutoa maua kabla mashina hayajakomaa, myalaze palepale, msubiri wiki 2 hadi 3 ndipo mpande. Marejea yana faida ya ziada: yanapunguza minyoo fundo, ile inayofanya mizizi ya nyanya na bamia iwe na vinundu.

Sasa biwi la mboji. Wakati mzuri ni mwisho wa masika, Mei, majani mabichi yakiwa bado tele. Mboji itaiva Agosti.

Chagueni sehemu yenye kivuli, karibu na kisima, isiyotuama maji. Pimeni upana mita 1.5 na urefu mita 3. Kimo kitafika mita 1.5. Biwi dogo kuliko mita 1 kila upande halishiki joto, na bila joto mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa havifi. Chini kabisa tandazeni mabua ya mahindi au vijiti, sentimita 25, ili hewa iingie. Juu yake wekeni majani makavu sentimita 15, kisha majani mabichi sentimita 10 (alizeti pori ikipatikana ni bora sana, la sivyo majani ya mti wa lukina au magugu ambayo hayajatoa mbegu), kisha samadi ya ng'ombe au mbuzi sentimita 5, ambayo kwa eneo hilo ni kama madebe 11. Nyunyizeni udongo wa juu kidogo na majivu viganja vichache. Rudieni mpangilio huo mara nne. Samadi ya biwi zima ni madebe 45 hivi. Itafuteni yote kabla ya kuanza, kwa sababu biwi linalojengwa kidogo kidogo kwa wiki mbili halichemki.

Kila tabaka la majani makavu limwagiwe maji kabla ya kuwekewa linalofuata. Kosa la kawaida ni kujenga biwi kavu kisha kumwagia maji juu mwishoni. Maji hupita pembeni na katikati hubaki pakavu. Kipimo ni mkono: ukikamua konzi ya majani, yatoke matone mawili matatu. Yakitiririka, maji yamezidi. Mwisho funikeni kwa majani ya mgomba na mchomeke fimbo ndefu hadi katikati.

Fimbo hiyo ndiyo kipimo chenu cha joto. Ichomoeni siku ya nne. Ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika kwa muda, kazi inaendelea vizuri, nyuzi 55 hadi 65. Ikiwa baridi na kavu, ongezeni maji. Baridi na imelowa, majani mabichi au samadi havikutosha. Harufu kali inayowasha pua maana yake samadi imezidi, changanyeni majani makavu. Harufu ya kuoza maana yake hakuna hewa, pindueni mara moja. Mkikuta ukungu mweupe kama majivu ndani, biwi limekauka.

Pindueni baada ya wiki 3, cha nje kiende ndani na cha ndani kije nje, mkilowesha tena. Pindueni tena baada ya wiki nyingine 3. Kufikia miezi mitatu biwi litakuwa limeshuka hadi nusu au chini zaidi, na mtapata kama madebe 150, mboji nyeusi yenye harufu ya udongo wa msituni. Hayo yanatosha matuta 15 kwa upandaji wa mara mbili. Kwa hiyo biwi moja ndio ukubwa wa bustani yenu ya mwaka wa kwanza.

Vitu vitatu visiingie kabisa kwenye biwi: ndago na sangari, kwa kuwa mizizi yake huchipua upya, mashina ya nyanya yenye mnyauko, na mabua au nyasi kutoka shamba lililopuliziwa dawa ya kuua magugu. Hiki cha tatu watu hukisahau. Baadhi ya dawa hizo hudumu hata baada ya kuozeshwa. Mkiwa na shaka pandeni maharage kwenye kopo lenye mboji hiyo. Majani yakijikunja, msiitumie kwenye mboga.

Mazao ya kwanza: mchicha, figiri, kunde za majani, na matuta mawili ya sukuma wiki. Mchicha mnauvuna ndani ya wiki 3 hadi 4, na kikundi kipya kinahitaji kula kitu mapema. Nyanya ziacheni hadi msimu wa pili au wa tatu. Kantangaze (kiwavi wa nondo anayetoboa majani na matunda ya nyanya) peke yake inaweza kumaliza nyanya za mtu asiyeijua, na kikundi kikipoteza zao la kwanza kinarudi kwenye dawa za dukani au kinavunjika.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno; changanyeni na mchanga mkavu, kisha sieni kwenye mistari. Sukuma wiki ipitie kitaluni: sehemu 3 za udongo, 2 za mboji, 1 ya mchanga, mistari ya sentimita 15, nyasi juu hadi miche ichomoze, halafu nyasi zitoke siku hiyo hiyo. Zikicheleweshwa miche inarefuka na kulala. Miche ikikatika shingoni usawa wa udongo, hicho ni kinyaushi, na kwa kawaida kimeletwa na msongamano na maji mengi ya jioni. Punguzeni miche, mwagilieni asubuhi. Hamishieni jioni ikiwa na majani manne au matano.

Baada ya kuhamishia tandazeni nyasi kavu sentimita 5 hadi 8, zisiguse shina. Matandazo yanapunguza sana safari za kisimani. Mvua kubwa zikianza yapunguzeni, kwa sababu konokono hujificha humo.

Wadudu. Kwa vidukari na viwavi wa nondo mgongo wa almasi, twangeni nusu kilo ya mbegu za mwarobaini zilizokaushwa kivulini, loweka kwenye lita 10 za maji usiku kucha, chujeni kwa kitambaa, ongezeni kijiko kimoja cha sabuni ya mche iliyokwanguliwa. Sabuni ya unga huunguza majani. Pulizieni baada ya saa 11 jioni, hasa chini ya jani, na mrudie kila siku 5 hadi 7. Jua huivunja nguvu dawa hii haraka. Wanaopulizia saa nne asubuhi ndio wanaosema mwarobaini haufanyi kazi. Pia msitegemee kuona wadudu wameanguka kesho yake: mwarobaini unawazuia kula na kujivua ngozi, wanakufa polepole. Majani yake yanasaidia pia, ila ni dhaifu kuliko mbegu. Maji ya tumbaku yaacheni. Ni sumu kwa anayepulizia, na yanaweza kupeleka virusi kwenye nyanya na pilipili.

Kuhusu kujifunza, tengeni matuta manne kati ya 15 yawe shamba darasa: mawili yenye mboji, mawili bila, mbegu moja, siku moja ya kupanda. Kutaneni siku moja kwa wiki, saa moja tu, asubuhi ambapo wadudu wanaonekana. Hesabuni mimea, pimeni mavuno kwa mizani, andikeni kwenye daftari. Kila mwanachama awe na tuta moja nyumbani kwake pia. Asiyelima kwake hujifunza kumwagilia tu. Mwiteni afisa ugani wa kata tangu mkutano wa kwanza. Morogoro mna bahati, maana Sustainable Agriculture Tanzania, shirika linalofundisha kilimo hai, wako huko na kituo chao cha mafunzo kiko Vianzi.

Daftari lina kazi nyingine. Afrika Mashariki ina kiwango cha bidhaa za kilimo hai tangu 2007, na alama yake ni Kilimohai. Ili kuthibitishwa, vikundi vidogo vinaweza kupita kwenye mfumo shirikishi, ambapo wakulima hukaguana wenyewe. Kwa Tanzania waulizeni TOAM, mtandao wa kilimo hai nchini. Watataka kuona mlitia nini shambani, lini, na mbegu zilitoka wapi. Anzeni kuandika leo, msisubiri mnunuzi.

Ukirudi tuambie udongo wenu ni kichanga au mfinyanzi, na samadi mtaipata kwa nani. Kama ni ya kuku wa nyama vipimo vinabadilika: ni kali, wekeni sentimita 2 kwa kila tabaka badala ya 5, na maranda yaliyochanganyika humo yahesabiwe kama majani makavu.