Fundi Anajibu: Lori la Dizeli Lililolala Miaka Minne

SWALI: Baba yetu alifariki miaka minne iliyopita akatuachia lori aina ya Mitsubishi Fuso lenye injini ya 6D16. Tangu siku ya msiba limeegeshwa uani, chini ya mparachichi, na halijawashwa hata mara moja. Mirathi imekamilika, na sisi ndugu tumekubaliana lirudi barabarani kubeba viazi na mahindi. Jirani yetu ambaye ni dereva wa siku nyingi anashauri tulifunge nyuma ya trekta na kulivuta mpaka liwake, lakini kaka yangu anaona betri mbili mpya zinatosha. Tumfuate nani? (Msomaji, Makambako)

JIBU: Poleni kwa msiba, na hongereni kwa kumaliza mirathi kwa maelewano. Nawaomba sana kwa sasa msimfuate jirani wala kaka. Injini hiyo ilizimwa ikiwa nzima na huenda bado ni nzima. Miaka minne ya kulala haikuidhuru kama itakavyoidhuru dakika moja ya kuamshwa kwa pupa.

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Pistoni huibana hewa mpaka ibaki sehemu moja kati ya 16 hadi 20 ya ujazo wake wa mwanzo, hewa ikapata moto mkali, na dizeli inayopulizwa na nozeli ikawaka yenyewe. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Ikiwa maji ya mvua yameingia kwenye silinda kupitia bomba la moshi, au maji ya rejeta yamepenya kwenye gasketi iliyochoka, pistoni inapopanda haitakuwa na pa kwenda, na kitakachopinda ni konrodi, yaani mkono unaoiunganisha pistoni na krenki, shafti kuu ya injini. Niliwahi kuitwa kuliangalia lori ambalo bomba lake la moshi lilitazama juu bila kifuniko kwa misimu miwili ya mvua. Wenyewe walikuwa wamelivuta kwa trekta, hatua chache tu, wakasikia kishindo kimoja. Tulipofungua sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, tulikuta konrodi ya silinda ya tatu imejikunja kama kidole, na maji yenye rangi ya kutu yakachuruzika juu ya viatu vyangu. Tangu siku hiyo sigusi stata ya injini iliyolala kabla sijaizungusha kwa mkono.

Anzeni hapo basi. Fundi afungue nozeli zote sita, amimine oili safi kidogo katika kila tundu, vijiko viwili hivi vya chakula, kisha aiache usiku kucha ili oili ilainishe ringi zilizoshikana na ukuta wa silinda. Asubuhi, gia ikiwa huru, aweke spana ndefu kwenye boliti ya puli ya krenki na kuizungusha polepole upande ule ule injini inakozungukia ikiwaka, mizunguko miwili kamili, kwa kuwa mzunguko mmoja hautoshi kuzipitisha silinda zote katika hatua zake nne. Ikigoma, asining'inie kwenye spana. Aongeze oili na asubiri siku nyingine. Nozeli zikiwa nje, apeleke zikapimwe.

Kabla ya hayo, chomoeni kijiti cha kupimia oili mkitazame juani. Oili yenye rangi ya maziwa imechanganyika na maji, na iliyopanda kupita alama huku ikinuka dizeli inaonyesha kuwa mafuta yamevujia ndani; yote mawili yanahitaji kutafutiwa chanzo. Hata ikionekana nzuri, mwageni, mbadilishe na filta yake. Fungueni pia chujio la hewa mpaka kwenye bomba linaloingia kwenye injini, maana panya na nyigu hupapenda sana mahali hapo.

Dizeli ya zamani nayo msiionee huruma. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hujikusanya chini ya tanki, na pale yanapokutana na mafuta huota vijidudu vinavyofanya utelezi mweusi unaoziba filta. Mwageni yote, osheni tanki, wekeni filta mpya, kisha mtoe upepo kwa pampu ya mkono iliyo ubavuni mwa pampu ya dizeli, mkilegeza boliti ya juu ya filta mpaka mapovu yaishe na mafuta yatoke mfululizo.

Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau ni reki ya ndani ya pampu ya dizeli, kile kipande kinachosogea kuongeza au kupunguza mafuta. Dizeli iliyokauka huwa kama ulimbo, na reki ikikwama upande wa mafuta mengi, injini itapandisha mzunguko bila kusikiliza pedali wala ufunguo mpaka ijivunje. Fundi ahakikishe kwamba mkono wa mafuta na ule wa kuzimia vinakwenda na kurudi bila kukwama. Siku ya kuwasha, mtu mmoja asimame karibu na mdomo wa kuingizia hewa akiwa ameshika kipande cha ubao kinachoweza kuuziba wote. Asijaribu kamwe kuuziba kwa kiganja.

Sasa ndipo betri za kaka zina kazi. Ni mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfuatano kutoa 24, na vichwa vyake vikwanguliwe ving'ae. Zungusheni stata huku mkono wa kuzimia umeshikiliwa, sekunde 10 hadi 15 kwa mara moja na mapumziko ya dakika mbili, mpaka geji ya oili inyanyuke. Hapo tu ndipo muuachie mkono huo. Kwa baridi ya Makambako, fanyeni kazi hiyo mchana wa jua, na msipulize petroli wala etha ili kuiharakisha.

Moshi mweupe wa mwanzo ni dizeli isiyoungua, nao utapungua injini ikipata joto. Moshi wa buluu ni oili, na unaweza kutoka kwa muda kwa sababu ya ile mliyomimina. Lakini geji ya oili ikibaki chini baada ya sekunde 10, zimeni mara moja.

SWALI: Lori langu la dizeli litakosa kazi kwa miezi sita. Je, niliwashe dakika tano kila wiki? (Msomaji, Voi)

JIBU: Hapana. Dakika tano hazitoshi kuipasha injini joto, kwa hiyo unyevu unaozaliwa na mafuta yanayoungua hubaki ndani ya oili. Badilisha oili kabla ya kuliegesha, jaza tanki mpaka juu ili pasibaki nafasi ya unyevu kugeuka maji, chomoa betri, na uufunike mdomo wa bomba la moshi kwa kopo. Ukilazimika kuliwasha, liendeshe mpaka mshale wa joto ufike mahali pake pa kawaida.