Damu Isiyoganda: Mnauliza, Maabara Inajibu

*Mwanangu alitoka damu siku mbili baada ya kutahiriwa. FBP ikatoka safi. Sasa mnatafuta nini tena?*

Pole, mama. FBP, yaani picha kamili ya damu, huhesabu chembe: nyekundu, nyeupe na chembe sahani. Mwenye hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, chembe zake huwa kamili. Pungufu ni protini ya kugandisha damu, na hiyo FBP haiioni. Watoto wangapi wamerudishwa nyumbani na karatasi safi kama hiyo! Omba PT na APTT, vipimo vinavyohesabu plazma, yaani majimaji ya damu, inaganda baada ya sekunde ngapi. Kwenye hemofilia PT huwa ya kawaida, APTT ndiyo huchelewa, ingawa hemofilia nyepesi huweza kupita bila kuonekana.

Ikichelewa, tunachanganya plazma yake na ya mtu mwenye afya, nusu kwa nusu. Muda ukirudi kawaida, ni upungufu. Usiporudi, kuna kitu kinazuia. Kisha tunapima zile protini za kugandisha, faktori namba 8 na namba 9, moja moja. Kawaida ni takriban asilimia 50 hadi 150. Chini ya asilimia 1 ni hemofilia kali: goti linaweza kujaa damu bila mtoto kuanguka. Majibu yakisubiriwa, asipewe asprini wala diklofenaki, wala asichomwe sindano ya msuli.

*Kwa nini nilichomwa mara ya pili, eti chupa haikujaa?*

Damu ya kwanza ilimwagwa, samahani. Chupa ile ya kifuniko cha buluu ina sitreti ya kuzuia damu isigande, sehemu 1 kwa sehemu 9 za damu. Ikijaa nusu, sitreti inazidi na APTT inachelewa kwa uongo. Heri sindano ya pili kuliko kubambikiwa ugonjwa usio wako. Tena APTT inatakiwa kupimwa ndani ya saa 4. Kama kituo chenu hutuma sampuli mji mwingine kwa basi, basi hilo apande mgonjwa mwenyewe.

*Mama mkwe anasema ugonjwa nimeuleta mimi. Kwetu haupo.*

Karibu theluthi moja ya wagonjwa wa hemofilia hawana historia kwenye ukoo. Hitilafu ya vinasaba huweza kuzuka yenyewe kwa mara ya kwanza. Hata ikitoka kwa mama, hakuichagua.

*Kaka yangu ana hemofilia. Faktori 8 yangu ni asilimia 70. Nimesalimika?*

Bado. Mwanamke anaweza kubeba hitilafu na kiwango chake kikawa cha kawaida. Jibu la uhakika ni kipimo cha vinasaba, na anayeanza kupimwa ni kaka yako, ili ijulikane inatafutwa hitilafu ipi. Ukishika mimba kabla ya hapo, faktori 8 hupanda, kwa hiyo kiwango kitakachopimwa kliniki kisikutulize. Mwambie mkunga mapema: mtoto akiwa wa kiume, asivutwe kwa kifaa wakati wa kuzaliwa, na damu ya kitovu ichukuliwe ipimwe.