Kabla ya kununua godoro, zungumzeni hela

Mmeuliza wiki hii: familia imwandaeje kijana anayekwenda kuanza chuo kikuu? Nafundisha kidato cha tano na cha sita mkoani Iringa, na kila mwaka matokeo yakishatoka wazazi hunijia na swali hilohilo. Wengi wameshaandika orodha ya vitu: godoro, ndoo, pasi, kompyuta mpakato. Mimi huwaomba waanze na hela, na waizungumze mtoto mwenyewe akiwepo.

Mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hupata fedha za kujikimu, lile bumu, ambalo tangu mwaka wa masomo 2022/23 limekuwa likikokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa siku. Haliji kila siku. Huja kwa mkupuo, la wiki kadhaa kwa pamoja, na haliingii mpaka kijana asajiliwe chuoni na kusaini. Kabla ya hapo anakula nini? Nauli imeshakatika, kuna picha za kupiga, vyeti vya kutoa kopi, afya ya kupima, bima ya kulipia. Aliyekosa chumba hosteli anakutana na dalali anayetaka kodi ya mwezi mzima iwe yake, na mwenye nyumba anayetaka ya miezi mitatu au sita mkononi. Nimeona vijana wenye mkopo mzuri kabisa wakishinda njaa wiki za mwanzo kwa sababu nyumbani walishasema, "huyu sasa ni wa serikali." Tengeni hela ya kula ya mwezi wa kwanza kana kwamba bumu halipo. Na kama mkopo umebeba sehemu tu ya ada, inayobaki ni ya mzazi. Angalieni kiasi hicho mapema kwenye akaunti yake ya mkopo, msije mkaambiwa akiwa kwenye foleni ya usajili.

Kisha siku moja bumu linaingia. Kijana ambaye mpaka juzi alikuwa akiomba hela yake ya matumizi kwa patroni anaamka na laki sita, yaani chakula cha siku 60. Na simu za nyumbani zinaanza: mdogo wako hana sare, bati linavuja, bibi anaumwa. Sisemi asiwasaidie kwao. Amelelewa na wengi, na wengi wanamtazamia. Lakini hiyo ni hela ya chakula, tena ni deni. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka liishe.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba baba, mama au mjomba anayesikilizwa aseme mapema, ukoo wote ukiwa unasikia, kuwa bumu haliguswi. Kijana hawezi kuwaambia wakubwa zake neno hilo. Ataona haya, atatuma, halafu atakuwa anakula mlo mmoja kwa siku katikati ya majaribio. Na majaribio ya chuo si mazoezi tu: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kwa kawaida alama 40 kati ya 100 zinatoka kwenye kazi na majaribio ya muhula, kabla hajaugusa mtihani wa mwisho. Msaada wa bibi utafutwe kwa watoto wengine na kwa ndugu. Huyu zamu yake bado.

Wenye watoto kidato cha tano, nanyi nina neno lenu. Chukueni leo cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne mvilinganishe herufi kwa herufi. Hamisi huku na Hamis kule, au jina la babu lililorukwa, ni kikwazo kikubwa wakati wa uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na wakati wa maombi ya mkopo. Kurekebisha kunataka kiapo, safari na muda, na mkisubiri matokeo yatoke mtakuwa mnakimbizana na dirisha la maombi.