Muulize Mwalimu: Pipi, lawalawa au bombo?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Sikonge, nimeolewa Ujiji. Bibi yangu alizoea kusema lawalawa. Hapa watoto wanasema pipi, wifi yangu aliyewahi kuishi Bujumbura anasema bombo, na juzi mgeni wetu wa Mombasa katuletea "peremende". Mwanangu anataka kujua jina la kweli ni lipi. Nimjibu nini? – Mama Ujiji*

Marahaba, mwanangu. Mwambie yote ni ya kweli, ila kila moja lina kwao. Pipi linaeleweka Tanzania nzima, kwa hiyo akienda dukani atumie hilo. Peremende limetokana na peppermint ya Waingereza, yaani pipi ya mnanaa, lakini siku hizi mtu huliita hivyo hata kama mnanaa haumo. Bombo ni bonbon ya Wafaransa iliyopitia kwa majirani zetu Warundi. Kwa mji ulio jirani na Burundi hivyo, wala si ajabu kulisikia.

Lawalawa limo kwenye kamusi za Kiswahili kwa maana hiyohiyo. Asije mtu akakuambia bibi yako alikuwa anasema kishamba! Tunaliua wenyewe kwa kuona haya kulitamka mbele ya watoto, na jambo hili linaniuma sana. Litumie nyumbani bila woga.

Tena usiishie kwenye pipi za dukani. Sisi tuliokulia Ng'ambo, hapa Tabora, utamu wetu ulikuwa matobolwa. Viazi vitamu vinachemshwa, vinamenywa, vinakatwa vipande na kuanikwa juani hadi vikauke kabisa. Ukitia kipande mdomoni, meno hayakiwezi mara moja. Unakimumunya kwanza, kinalainika taratibu, ndipo utamu unapotoka. Vikikatwa vibichi na kuanikwa bila kuchemshwa, hiyo ni michembe, nayo hupikwa, wengine wakiiunga kwa karanga. Wageni huyachanganya majina haya kila mara, hata sokoni. Mfundishe mwanao yote mawili, na wenzake wa Ujiji wakishangaa, awaonjeshe.

*Mwalimu, shikamoo. Darasani wananicheka kwa sababu nachanganya l na r. Nimejitahidi lakini wapi. – Mwanafunzi, Urambo*

Marahaba. Wanaokucheka wanakosea. Kinyamwezi kina l, hakina r ya kusimama peke yake, na ulimi uliolelewa na lugha hiyo lazima uhangaike. Wasukuma nao wako hivyohivyo. Hiyo ni lafudhi, haipimi akili ya mtu.

Hata hivyo, mwanangu, jifunze kuzitenganisha. Kiswahili cha vitabuni kilijengwa juu ya Kiunguja, kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na humo herufi moja inabadili habari nzima. Ukiandika kwamba mjomba wako "amelipa mahali", msahihishaji atajiuliza ni mahali gani, kumbe ulitaka mahari.

Fanya hivi. Kwa l, ncha ya ulimi inagusa ufizi wa juu na kutulia kidogo, hewa ikipita pembeni. Kwa r, inagonga na kuachia papo hapo. Sema kwa sauti: kula, kura, mahali, mahari, hali, hari. Anza polepole, ukiweka mkazo pale ulimi unapogonga kwa r. Na unapoandika, usitegemee sikio. Soma sana ili jicho lizoee sura ya neno.

*Nimehamishiwa kazi Tabora kutoka Dar es Salaam. Wazee wananiambia "mwangaluka" asubuhi, nabaki natabasamu tu. – Mgeni*

Karibu sana. Hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, nawe itikia "mwangaluka". Mzee akiendelea na "mhola?", anakuuliza kama kwema, mjibu "mhola". Ila simama kwanza, mwanangu, maana hapa kwetu mzee hasalimiwi huku unatembea.